Torenti na diski ngumu: nini kabisa inachakaza diski zetu

Kutoka Bunia mpaka Uvira, kupitia Butembo, Goma na Bukavu, ni vigumu kupata kartie isiyo na kibanda ambako kijana anakaa mbele ya mashini, diski ngumu mbili ao tatu zimelala juu ya meza, na kazi yake ni kujazia watu filimu, muziki, mahubiri na katuni ku kle ya USB ao ku telefone. Pembeni yake kuko mwanafunzi anayeandika TFC. Kuko sekretarieti inayotunza barua za avenyi nzima. Kuko familia ambayo picha zote za arusi, na za wazee waliokwisha kufa, ziko ku diski moja tu ndani ya kabati. Siku ile diski inaanza kulia tik, tik, tik, hao wote wanajikuta mu shida moja. Kufungua diski na kutoa vitu ndani yake kunaomba chumba kisicho na vumbi hata kidogo pamoja na vyombo vya pekee. Fundi wa kartie hawezi kufanya ile kazi juu ya meza yake, hata akiwa na mikono mizuri.

Kati ya vijana wanaotumika na mashini, neno moja linarudi siku zote: torenti njo inaua diski. Wengine wamekataa kabisa kuitumia. Wengine wanaiacha iwake usiku na muchana, halafu wanashangaa. Ukweli uko kati ya hao wawili, na ili kuuona tunapaswa kwanza kujua torenti inafanya nini ndani ya mashini.

Kipande hapa, kipande kule

Njia ya torenti ilitengenezwa na Mumarekani Bram Cohen mu mwaka 2001. Kupakua kwa kawaida, ao vile tunasema kutelesharje, ni kuchota maji ku bomba moja: kuko serva moja, fishie inatoka mwanzo inaenda mwisho. Torenti haifanyi hivyo. Fishie inakatwa vipande, na kila mutu mwenye kipande anaweza kukupa. Mumoja yuko Ufaransa, mwengine Brazili, mwengine Nairobi. Na wewe vile unapokea, unawapa wengine vile ulivyokwisha kupata. Ndiyo maana inafaa sana kwa fishie kubwa ku mutandao unaokatika: kuran ikienda, kesho unaendelea pale ulipofika.

Wengi wanaijua juu ya filimu za wizi, na hapo tuseme wazi: inchi yetu iko na sheria ya haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986, na filimu ya mutu ni jasho lake. Lakini torenti yenyewe haina kosa. Linux ya Ubuntu na ya Debian inapatikana kwa njia ile. LibreOffice vilevile. Na Kiwix, programu inayoweka Wikipedia nzima ndani ya mashini ili isomwe bila intaneti, inatoa fishie zake kwa torenti pia. Wikipedia ya Kifaransa pamoja na picha inapita giga 30. Kwa shule ya Walikale ao ya Fizi isiyokuwa na mutandao, ile fishie moja ni bibliotheki nzima, na kuipakua bila torenti ku mutandao wetu ni kujitesa.

Sasa, vile vipande havifiki kwa mufuatano. Programu inatafuta kwanza vipande ambavyo watu wachache wanavyo, ili visipotee. Basi kinakuja kipande cha 900, halafu cha 12, halafu cha 455. Na kila kipande chenyewe kinakuja kwa vijipande vidogo vya kilo 16. Chukua fishie ya giga 1 na mega 400: ni karibu vijipande 90 000. Kama programu ingeandika kila kimoja pale pale kinapofika, diski ingeitwa mara 90 000 kwa fishie moja tu, kila mara ku fasi tofauti. Na pale pale, wale unaowapa nao wanaomba vyao: mumoja anaomba mwanzo wa fishie, mwengine mwisho.

Ndani ya diski

Diski ngumu ya zamani, ile yenye kuzunguka, iko na sahani ndani, moja ao zaidi, zilizopakwa dawa ya sumaku. Ku mashini ya kubeba, sahani inazunguka mara 5 400 kwa dakika, maana yake mara 90 kwa sekunde moja. Ku mashini ya mezani mara nyingi ni 7 200. Juu ya sahani kuko mukono mwembamba wenye kichwa cha kusoma na kuandika. Kile kichwa hakigusi sahani. Kinaelea juu ya hewa ambayo sahani yenyewe inaisukuma inapozunguka, na nafasi kati yao ni ndogo kuliko chembe ya moshi wa sigara.

Wakati diski inasoma fishie iliyopangwa vizuri, mukono unatembea polepole, kama mutu anayesoma kitabu mustari kwa mustari. Wakati inatafuta fasi na fasi, mukono unaruka huku na kule, na kila kuruka kunaomba pia kungoja sahani izunguke mpaka fasi yenyewe ifike. Diski ya mashini ya kubeba haifiki hata miruko 100 kwa sekunde. Ndiyo maana torenti kumi zikiwaka pamoja, mashini yote inakuwa nzito, hata kufungua barua ya Word inachukua dakika nzima. Ile sauti ya krr-krr unayosikia ni mukono unakimbia.

Kuko tena jambo la fishie kukatika-katika. Kama programu haikuomba nafasi yote mwanzoni, diski inaweka vipande pale inapopata pengo. Filimu moja inaweza kulala mu fasi mamia ya diski. Basi kila mara unapoifungua, ao unapomujazia kliyanti, mukono unaruka tena. Uchovu wa kupakua unabaki mu fishie hata kiisha kupakua.

Kabla ya kuihukumu torenti

Hapa tuweke hesabu mezani. Watengenezaji wa diski za kawaida za mezani wanaandika kiasi cha kazi ambacho diski inapaswa kubeba kwa mwaka. Seagate, kwa diski yake ya BarraCuda, inaandika tera 55 kwa mwaka, kusoma na kuandika pamoja. Ukigawanya kwa siku 365, ni karibu giga 150 kwa siku. Nani kati yetu, na bei ya mega hii, anapakua giga 150 kwa siku? Hakuna.

Lakini kijana wa kibanda, akipokea kliyanti 30, na kila mumoja akaondoka na giga 5, amekwisha kufika pale pale. Kazi nzito ya diski yake ni kunakili, haiko kupakua. Hii watu wengi hawaifikirie, juu torenti inafanya kelele na kunakili kunapita kimya.

Mu mwaka 2007, watu wa Google walitoa utafiti juu ya diski zao wenyewe, zaidi ya 100 000. Walitazamia kuona diski zinazotumika sana zinakufa mbele ya zingine. Hawakuona hivyo, isipokuwa kwa diski zingali mupya kabisa na zile zilizozeeka. Lakini waliona kitu kingine: diski ikionyesha kosa la kwanza mu kusoma sahani yake, hatari ya kufa mu siku 60 zinazofuata inakuwa mara 39 kuliko diski isiyoonyesha kosa. Tutarudi ku ile.

Basi kama kazi peke yake haiui diski sana, kwa nini zetu zinakufa mapema? Tukumbuke diski za Google zinakaa mu chumba cha baridi, zimefungwa vizuri, kuran haikatiki. Zetu ziko mu maisha mengine.

Kwanza, kutikiswa. Diski iliyozimwa inavumilia mushituko mara mbili na zaidi kuliko ile inayozunguka, juu ikizimwa kichwa kinatolewa juu ya sahani na kufungwa pembeni. Njia ya Bukavu kwenda Uvira ku moto haitaiua diski iliyozimwa na kuviringishwa mu nguo. Lakini mutu kugonga meza wakati torenti inaandika, mutoto kuvuta kamba, diski kuanguka kutoka juu ya kitabu mpaka ku meza, hapo njo hatari. Na torenti inaongeza ile hatari kwa njia moja: inafanya diski izunguke masaa yote. Diski inayozunguka masaa 20 iko na masaa 20 ya kugongwa.

Pili, kuran. Ikikatika ghafula, diski inatumia nguvu ya mwisho ya kuzunguka kwake ili kurudisha kichwa pembeni. Inaweza kufanya hivyo, lakini ile ni kurudi kwa nguvu, si kwa upole, na haikutengenezwa ifanye hivyo mara tano kila siku. Mbaya zaidi ni kile kilichokuwa kinaandikwa: kinabaki nusu. Kuran ikirudi, programu ya torenti inaanza kupima tena fishie yote, giga kwa giga, ili kujua kipande gani kiko kizima. Kwa Wikipedia ya giga 30, ni kusoma giga 30 upya. Na vipande vilivyoharibika vinapakuliwa mara ya pili, ku mega zako. Mashini ya kubeba yenye batiri nzima haina shida hii sana. Mashini ya mezani bila ondulere, afazali usiwashe torenti. Hata ondulere ndogo inayokupa dakika 10 inatosha kuzima kwa heshima.

Tatu, joto. Diski nyingi za mashini za kubeba zimeandikiwa mwisho wa digri 60, na ni muzuri zibaki chini ya 50. Mu kibanda cha mabati saa saba ya muchana, mashini juu ya kitambaa, tundu za hewa zimejaa vumbi, digri 50 haiko mbali. Diski ya pembeni iliyofunikwa na gazeti vilevile.

Wengine wanasema ni milima yetu, kwamba hewa nyepesi inaangusha kichwa. Ni kweli kichwa kinaelea juu ya hewa, na ni kweli mulima mrefu sana ungeleta shida. Lakini watengenezaji wanakubali mpaka karibu mita 3 000. Bukavu na Goma ziko karibu mita 1 500, Butembo inapita 1 700. Tuiachie milima amani.

Ku programu: parametre chache zenye faida

Programu za bure kama qBittorrent na Transmission ziko na parametre za kusaidia diski, lakini watu wengi hawaifungui ile sehemu hata siku moja.

Ya kwanza, na kwangu ni ya maana kuliko zote, ni hesabu ya torenti zinazotumika pamoja. Weka mbili, ao tatu mwisho. Zingine zingoje mu foleni. Mutandao wako hautaongezeka juu umewasha kumi. Ni kugawanya kijiko kimoja cha uji kwa watoto kumi, na diski inakimbia bure. Punguza pia hesabu ya watu unaounganishwa nao. qBittorrent inakuja na 500 kwa yote. Ku mutandao wetu, 100 kwa yote na 30 kwa kila torenti inatosha.

Ya pili ni kuomba nafasi yote mwanzoni. Programu inatengea fishie nafasi nzima mbele ya kuanza, na diski ikiwa na pengo kubwa, fishie inalala pamoja. Mwanzoni inachukua muda kidogo, usikasirike. Lakini hii inasaidia tu kama diski haijajaa. Diski iliyojaa mpaka giga 2 za mwisho itakata fishie hata ukifanya nini. Acha sehemu moja kwa tano wazi.

Ya tatu ni akiba mu memwari. Programu inaweza kukusanya vijipande mu RAM mpaka kipande kiwe kizima, halafu ikaandika mara moja. Transmission inaweka mega 4 tu kama haukugusa. Ukiwa na RAM ya giga 4 na zaidi, panda mpaka 64 ao 128. Usipite sana, juu kuran ikikatika, kile kilicho mu RAM kinapotea. Mu qBittorrent za sasa unaweza kukuta ile parametre haitumike tena, juu Windows ao Linux yenyewe inashika ile kazi. Hapo uiache.

Ya ine ni dosie ya fishie ambazo hazijamalizika. Uiweke ku diski moja ya kazi, ile hauhofii sana, na zikimalizika programu izipeleke yenyewe ku diski ya kutunza. Wakati wa kuhama, fishie inaandikwa upya kwa mufuatano, na ile kukatika-katika inaisha. Lakini angalisho: kama dosie zote mbili ziko ku diski moja na ku sehemu moja, hakuna kinachohama kabisa, ni jina tu linabadilika. Haina faida.

Halafu kuko jambo la saa. Fishie ya giga 1 na mega 400, ku mutandao wa kilo 100 kwa sekunde, inachukua karibu masaa 4. Ku mega 1 kwa sekunde, haifiki dakika 25. Diski imeandika vitu vilevile, lakini mara moja imezunguka na kuwaka joto masaa 4, mara ingine dakika 25. Basi tafuta saa ile mutandao wenu uko mwepesi, mara nyingi usiku sana ao asubui mapema, pakua, maliza, zima. Kuacha torenti inatiririka polepole siku tatu njo matumizi mabaya kuliko yote. Na usiweke Windows ilaze diski kiisha dakika moja ao mbili wakati torenti inafanya kazi, juu itaizima na kuiwasha, kuizima na kuiwasha, na kule kuanza kuzunguka kunachosha mota.

Kuhusu kuwapa wengine: torenti inaishi juu watu wanapeana. Ukiwa umerudisha kiasi kile ulichopokea, umelipa deni, programu inaweza kusimama yenyewe pale. Mwenye forfe ndogo anaweza kurudisha kidogo kuliko pale. Lakini kuacha fishie 200 zikipeana usiku kucha ku diski inayozunguka, ile ni kazi ya serva, si ya mashini yako.

SSD na kle ya USB

SSD haina sahani wala mukono. Kuruka-ruka hakuichoshi, kusoma karibu hakuichoshi, kutikiswa haijali sana. Inachoka kwa kuandikwa, na watengenezaji wanaandika kiasi chake. Samsung 860 EVO ya giga 250, kwa mufano, imeahidiwa tera 150. Ukipakua giga 20 kila siku, ni tera 7 na kidogo kwa mwaka: inachukua miaka 20 kufika pale. Mwenye kuogopa torenti ku SSD anaogopa kivuli. Kwa kijana wa kibanda, njia nzuri kuliko zote ni SSD ndogo ya giga 120 ao 240 kwa kupakua, na diski kubwa ya kuzunguka kwa kutunza tu. Usifanye defragmantasio ku SSD. Ile ni dawa ya diski ya kuzunguka.

Kle ya USB na karti ya memwari ni jambo lingine. Chip zake ni za bei ndogo na hazijui kugawa uchovu vizuri. Kupakua torenti moja kwa moja ku kle ni kuichinja. Pakua ku mashini, halafu nakili. Na kama kle inakataa fishie inayopita giga 4 hata ikiwa na nafasi, haijaharibika: imeformatiwa kwa FAT32. Iformati kwa exFAT, kiisha kutoa vitu vyako.

Kuko pia diski za pembeni ndogo, za tera 1 na zaidi, ambazo nyingi zinaandika mistari ikipandana kama mabati ya nyumba. Ukitaka kubadilisha bati la chini, unafungua na ya juu. Ku diski hizo, torenti inakuwa polepole sana kiisha muda. Si ugonjwa, njo vile zimejengwa. Ni za kutunza.

Kusoma dalili

CrystalDiskInfo ni programu ya bure ya Windows inayosoma daftari ambalo diski yenyewe inaandika juu ya afya yake. Ku Linux kuko smartctl. Rangi ya buluu ni sawa, manjano ni angalisho, nyekundu ni mwisho. Usiangalie rangi tu. Tafuta mistari tatu: 05, C5 na C6. Zote zinapaswa kuwa sifuri. Ya 05 inahesabu fasi zilizokufa na kubadilishwa, C5 zile diski haina hakika nazo, C6 zile imeshindwa kusoma. Ikipanda kutoka sifuri, kumbuka ile hesabu ya 39.

Hapo kuko kosa moja ambalo wengi wanafanya: wanaona diski inasumbua, wanawasha programu ya kuipima yote, ao wanaiacha torenti ipime fishie zake upya, masaa matano. Diski mugonjwa inamalizia nguvu zake mu kupimwa. Zima torenti kwanza na uondoe kabisa ile diski mu programu yake. Halafu nakili vile haviwezi kupatikana fasi ingine, na anza na vidogo: TFC, barua, daftari la deni, picha. Filimu na muziki mwishoni, kama diski ingali hai. Ikianza kulia tik-tik na kujizima, usiipige, usiiweke mu friji. Izime, iache ipoe, na uiwashe tena mara moja tu, ukiwa tayari na diski ingine pembeni na batiri imejaa.